Mageuzi ya Saudi Arabia na mipaka ya sheria ya silaha

Tuko Jeddah, mji wa bandari katika mwambao wa Bahari ya Shamu. Katika mazungumzo yetu ya leo tunatupia macho swali lililowashughulisha wabunge, majaji na marais huko Washington na London kwa miaka kadhaa: je, serikali inayofanya mageuzi nyumbani kwake inastahili kulegezewa masharti ya sheria inapotafuta silaha na msaada wa kijeshi?

Mageuzi ya Saudi Arabia yanaonekana kwa macho. Dira ya 2030 ilizinduliwa mwezi Aprili 2016. Majumba ya sinema yalifunguliwa tena Aprili 2018 baada ya takriban miaka 35, na tarehe 24 Juni mwaka huo wanawake wakaruhusiwa kuendesha magari. Lakini tarehe 9 Agosti, ndege za muungano unaoongozwa na Saudi Arabia zilishambulia basi lililokuwa na wanafunzi huko Dahyan, kaskazini mwa Yemen, na kuua watoto wapatao 40. Tarehe 2 Oktoba, mwandishi wa habari Jamal Khashoggi akauawa ndani ya ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ya kudhibiti mauzo ya silaha nje inataka silaha hizo zitumike kwa mambo kama kujilinda na usalama wa ndani. Sheria ya mwaka 1973 kuhusu madaraka ya vita nayo inalipa Bunge nguvu ya kumzuia rais anayeingiza majeshi vitani bila idhini. Ni kwa kutumia sheria hii ya pili ambapo mabaraza yote mawili ya Bunge yaliamua, kufikia Aprili 2019, kwamba Marekani ijitoe katika vita vya Yemen. Rais Donald Trump alilipinga azimio hilo kwa kura ya turufu. Tarehe 2 Mei, maseneta 53 dhidi ya 45 walitaka kuitengua turufu hiyo, lakini theluthi mbili haikupatikana. Mwezi huo huo serikali ilitumia kifungu cha dharura kuidhinisha mauzo ya silaha ya takriban dola bilioni 8 kwa Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu na Jordan, bila kulisubiri Bunge.

Huko Uingereza, Mahakama ya Rufaa iliamua tarehe 20 Juni 2019 kwamba serikali ilikiuka sheria kwa kutotathmini kama mashambulizi ya awali ya muungano huo yalivunja sheria za kivita. Leseni mpya zikasimamishwa. Mwezi Julai 2020 serikali ilirejea kuzitoa, ikidai kuwa makosa yaliyotokea yalikuwa matukio ya hapa na pale.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba wakazi wa Jeddah wana hoja yao. Tarehe 25 Machi 2022 Wahouthi waliishambulia bohari ya mafuta mjini humu, na moshi mzito ukatanda angani. Hakuna sheria inayoinyima nchi haki ya kujilinda. Ndiyo maana Rais Joe Biden, alipotangaza Februari 2021 kusitisha msaada kwa operesheni za mashambulizi nchini Yemen, aliahidi kuendelea kuisaidia Saudi Arabia kujihami. Katazo la kuuza silaha za mashambulizi liliondolewa Agosti 2024, wakati mashambulizi ya anga ya Saudi Arabia huko Yemen yalikuwa yamesimama tangu mapatano ya Aprili 2022.

Tunajifunza nini? Kwamba sheria hizi haziulizi nani amefungua majumba ya sinema. Zinauliza bomu limeangukia wapi, na nani aliidhinisha. Mageuzi ni jambo jema kwa wananchi wa nchi husika, lakini hayawezi kuwa jibu kwa mzazi wa Dahyan.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Sheria inayoitwa kwa jina la Seneta Patrick Leahy inakataza kukisaidia kikosi chochote cha kigeni chenye tuhuma za kuaminika za ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Hata hivyo, inahusu misaada; anayenunua silaha kwa fedha zake, kama Saudi Arabia, kwa kawaida haimgusi. Majeshi yetu, yanayopokea mafunzo na vifaa, yamo ndani ya uzio huo. Kenya ilipotangazwa mwaka 2024 kuwa mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, hadhi hiyo haikuifuta sheria ya Leahy.

Basi mwenye mkono mtupu hupimwa kwa mizani kali kuliko mwenye hazina. Dawa yake si kuwalegezea wote. Raia anayeuawa na silaha iliyonunuliwa na yule anayeuawa na silaha ya msaada wana haki moja, na sheria ingepaswa kuwatazama kwa jicho moja.