Masomo ya Nyumbani: Tuliyoyachagua Mwaka Huu na Yaliyotufaa

(Hotuba ya mama mmoja mbele ya wazazi, katika kikao cha kufunga mwaka)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Mmenitaka nieleze ni masomo gani tuliyowafundisha watoto nyumbani mwaka huu, na ni yepi yaliyotufaa zaidi. Kabla sijaanza, napenda jambo moja lifahamike. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mzazi wa Tanzania kumwandikisha mtoto wake shule, na wanangu wote wanakwenda shule. Nitakayoyasema yanahusu ile saa moja iliyo baina ya Magharibi na Isha, pamoja na siku za likizo. Saa hiyo ni amana ya mzazi, naye ataulizwa juu yake.

Kwanza niungame kosa langu. Mwezi wa Januari mwanangu mmoja, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akisoma Juzuu Amma kwa sauti nzuri. Majirani wakimsifu, nami nikajiona nimekwisha timiza wajibu wangu. Usiku mmoja nilimfunulia msahafu mahali asipopazoea, nikaweka kidole katikati ya ukurasa. Akanyamaza. Nikafunua pengine, akanyamaza tena, kisha machozi yakamtoka. Mtoto alikuwa amehifadhi kwa sikio tu; herufi hakuzijua. Nikamwuliza maana ya Suratul Ikhlas, anayoisoma kila siku katika sala yake. Hakuijua pia. Silaumu madrasa, kwani mwalimu mmoja ana watoto wengi mbele yake. Lawama ni yangu mimi niliyeridhika na sauti, nisitazame kidole cha mwanangu kinapita wapi.

Ndipo mimi na baba yao tulipokaa tukapanga upya. Vitabu vya rangi vilivyotoka ng'ambo, vyenye picha za theluji na matufaha, tuliviweka kando. Havikuwa na ubaya, lakini vilikuwa vingi, na hakuna hata kimoja tulichokimaliza. Tukachagua mambo matano.

La kwanza ni kusoma Kurani kwa herufi. Tulirudi kwenye alifu, be, te. Kila jioni mistari mitatu tu, mtoto akifuatisha kijiti juu ya kila herufi. Na kila Ijumaa tunafunua ukurasa wowote bila ya kuchagua. Mwezi wa Agosti alisoma, polepole na kwa kusitasita, ukurasa ambao hakupata kufundishwa na mtu. Siku hiyo machozi yalinitoka mimi.

La pili ni maana. Tulitumia tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969. Kila mwezi sura moja fupi, kuanzia Februari hadi Novemba, na sasa watoto wanazijua maana za sura kumi wanazozisoma katika sala zao. Jambo hili si geni kwetu. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alilitoa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ili asiyejua Kiarabu naye aifahamu dini yake.

La tatu ni Kiswahili chenyewe. Tulisoma Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika visiwa vya Lamu na mama aliyekuwa mgonjwa, akimwusia binti yake Mwana Hashima. Si kila usia wa humo utakubaliwa na mama wa leo, nasi tulijadiliana. Lakini watoto waliona kwamba mama wa Kiislamu wa pwani yetu alimfundisha mwanawe kwa kalamu yake mwenyewe, akiwa kitandani.

La nne ni hesabu za dini. Zaka ya fedha ni sehemu moja katika arubaini. Katika mirathi, mtu akifariki akaacha mke, mama, na watoto wa kiume na wa kike, na baada ya madeni na wasia zikabaki shilingi 2,400,000, mke hupata thumuni, yaani 300,000. Mama hupata sudusi, yaani 400,000. Na 1,700,000 zilizobaki ni za watoto. Binti yangu wa darasa la sita aliyekuwa akizichukia sehemu alizipenda kwa njia hii. Ndugu zangu, ni wajane wangapi wametoka mikono mitupu katika nyumba za waume zao kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeijua thumuni yao?

La tano ni kuuandama mwezi. Kila mwezi mwandamo tulitoka nje, na watoto wakaandika tarehe katika daftari. Walitambua wenyewe kwamba mwaka wetu wa Hijra hupungukiwa na ule wa jua kwa siku kama 11. Kwa hesabu hiyo wakaona kuwa mwaka 2030 Ramadhani itatujia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, Mungu akitupa uhai.

Yapo pia yaliyotushinda. Tulijaribu Kiarabu cha mazungumzo kwa masomo ya kwenye simu. Tuliwapa watoto simu tukaondoka, na baada ya wiki mbili walikuwa wakicheza michezo. Nilipoyapima yote haya, nikaona kuwa kila somo ambalo mimi au baba yao tulikaa nalo lilizaa matunda, na lile tulilowaachia peke yao lilikufa.

Huenda mama mmoja hapa akasema: "Mimi mwenyewe sijui kusoma." Dada yangu, kaa karibu na mwanao, umwambie akuonyeshe herufi moja kila jioni. Katika sira imepokewa kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Ikiwa Mtume wetu (s.a.w.) alikubali elimu kutoka kwa mateka waliompiga vita, mama ataona haya gani kuipokea kutoka kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe?

Basi usiku wa leo, kabla hamjafikiria vitabu vya mwaka ujao, fungueni msahafu mbele ya watoto wenu mahali wasipopazoea, muweke kidole, msikilize.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyazembea na awafanye watoto wetu wawe wenye kusoma na kufahamu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.