Kijana Asishindwe Kabla ya Usaili



Matangazo ya usaili ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi: msailiwa ajigharamie nauli, chakula na malazi, na afike na vyeti halisi. Hati ya matokeo haikubaliki. Majina yakitofautiana, inatakiwa hati ya kisheria.

Kwa hiyo kijana wetu anaweza kushindwa kabla hajaulizwa swali.

Wazazi, tulinganishe leo jina la cheti cha kuzaliwa na la shule. Vijana, tusome majukumu ya kazi tuliyoomba. Mchujo wa kuandika hutangulia mahojiano. Tunaoishi mjini, tuwapokee wasailiwa majumbani mwetu. Nauli ndiyo tunayoichangia leo, na kila shilingi tutaitolea hesabu.