Je, Wanafunzi wa Mlimani Ndivyo Walivyo?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo na Halmashauri za Walei)



Mada hii ilipotangazwa, wapo waliocheka kidogo. Walidhani Tume ya Haki na Amani hushughulika na mashamba yaliyoporwa, wajane walionyang'anywa nyumba, na mahabusu waliosahauliwa. Je, maneno yanayosemwa juu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu yanatuhusu nini? Tunaomba mtuvumilie, maana tumeyaleta maneno hayo hapa kwa sababu yamekwisha kufanya kazi ndani ya nyumba zetu na ndani ya jumuiya zetu.

Zamani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mbali nasi. Kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, kikahamia kwenye kilima chake mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa mtu wa Tukuyu au Mafinga, 'Mlimani' ilikuwa habari ya kijana mmoja wa tarafa nzima ambaye alipanda basi akaenda, na aliporudi likizo watu walikuja kumtazama. Leo sivyo. Tangu mwaka 2005 Mlimani imekuwa na chuo chake kishiriki pale Mkwawa, Iringa, na baadaye ikafungua chuo cha afya huku Mbeya. Pembeni yake vimekua vyuo vikuu vingine: Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa upande mmoja, MUST na Teofilo Kisanji upande mwingine. Wanafunzi wamepanga vyumba Kihesa na Mkimbizi, wamepanga Iyunga na Ikuti. Wanakaa nasi katika misa ileile. Wao wamefika, na sifa zao zimefika pamoja nao, nyingine zikiwa zimewatangulia.

Sifa zenyewe mnazijua kuliko sisi. Kwamba wana maringo. Kwamba ni walevi, na pesa ya serikali huishia baa. Kwamba wasichana wao hawafai kuolewa. Kwamba ni watu wa migomo, hawatawaliki. Kwamba wakisoma sana humwacha Mungu.

Kabla ya kuuliza kama ni kweli, tujikumbushe sisi ni nani. Hakuna watu katika nchi hii wanaoijua ladha ya kusemwa kwa jumla kama sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Msichana akisema Dar es Salaam kwamba ametoka Iringa, huulizwa anafanya kazi za ndani kwa nani, hata kama ni mhasibu. Mhehe hutajiwa mbwa na kitanzi, Mnyakyusa huitwa jeuri kabla hajafungua kinywa. Baada ya yale mauaji ya kuchuna ngozi yaliyotokea mkoani Mbeya, wako waliotutazama sote kama wachunaji. Tunajua kwamba mengine ni utani, na utani ni mali yetu. Mtani humzika mtani wake. Lakini utani una pande mbili: ukinitania, nami nakujibu, tunacheka, tunakula. Sifa mbaya haina upande wa kujibu. Aliyenyimwa chumba kwa sababu ya kabila lake au chuo chake hakutaniwa.

Sasa tuzipime. Hatutasema kwamba zote ni uongo, kwa sababu si uongo zote.

Tuanze na migomo, kwa kuwa ndiyo sifa ya zamani kuliko zote. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana hadi Ikulu, baadhi wakiwa wamevaa majoho ya chuo, kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria hiyo iliwataka watumike miaka miwili, na katika sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani mamia kwa mamia, lakini siku hiyohiyo akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakulima wa nchi nzima walisikia habari ile, nao walikuwa na haki ya kukasirika. Vijana walisomeshwa kwa jasho la mkulima, kisha wakaona uzito kulitumikia taifa lake. Picha ya msomi mwenye maringo ilichongwa siku ile, na haijafutika hadi leo.

Lakini habari haikuishia 1966. Mwaka 1978 wanafunzi wa chuo hichohicho waliandamana tena, na safari hii walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya viongozi wa siasa. Yaani hoja aliyoijibu Mwalimu mwaka 1966 kwa kukata mshahara wake, vijana hawa waliishika wao na kuipeleka barabarani. Wakafukuzwa vilevile. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi mingi, na katika miaka ya karibuni ugomvi mwingi umekuwa juu ya mikopo inayochelewa. Basi mtu akisema 'ni watu wa migomo', amesema kweli kuhusu kitendo, na hajasema lolote kuhusu haki. Hayo ya 1966 na ya 1978 yanabebwa katika kapu moja, ilhali moja lilikuwa la kujitetea na jingine la kumtetea mlipa kodi. Sisi katika Tume tunaona hapa ndipo sifa za jumla zinapotudanganya: zinahesabu vitendo na kuacha sababu.

Sifa ya pesa na ulevi ina siri ndogo ambayo wafanyabiashara wa mjini wanaijua. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, mwanafunzi aliyekopeshwa hupewa fedha ya chakula na malazi kwa mkupuo, ile wanayoiita bumu. Mwaka wa masomo 2022/23 posho hiyo ilipandishwa ikawa shilingi 10,000 kwa siku. Fedha ya siku 60 ni shilingi 600,000, nayo ikiingia siku moja mji mzima unaona. Muda si muda simu mpya, kuku wa kukaanga, vinywaji. Kisha hufuata majuma ambayo hakuna anayeyaona: kijana anakunywa uji mara moja kwa siku, anakopa dukani, ananyamaza. Tunawatazama katika wiki ya kwanza na kuandika hukumu ya muhula mzima. Je, mkulima wa kahawa wa Mbozi hatumjui wakati wa malipo? Je, hatujaona godoro jipya, redio mpya, na kilabu kilichojaa, kisha Februari mtu yuleyule anakopa debe la mahindi? Hatujapata kusema kwamba wakulima wa Mbozi ni walevi kwa asili. Tunasema msimu ulikuwa mzuri. Tena fedha hii ya mwanafunzi ni deni atakalolilipa akipata kazi; na wako wengi katika chuo kilekile waliokosa mkopo kabisa, ambao ada yao imetoka katika kuuza ng'ombe au miti ya shamba la babu. Hao hawaonekani baa, kwa hiyo hawahesabiwi.

Sifa inayotuuma zaidi ni ile ya wasichana, na hapa tunaomba tukae kidogo.

Pale Mlimani palikuwa na desturi iliyoitwa 'Punch': karatasi zilizobandikwa ukutani bila jina la mwandishi, zenye michoro na maneno ya kuwafedhehesha wanafunzi, hasa wasichana. Ilidumu miaka mingi. Wengi waliisoma, wengi walicheka, na wachache sana waliuliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Mwezi Februari 1990 msichana mmoja aliyekuwa akiandamwa na wanafunzi wenzake wa kiume kwa kuwa aliwakataa, alijitoa uhai. Nchi ilishtuka. Wanawake wanahabari wa TAMWA walilishika jambo hilo na kulipeleka mbele ya umma, na tangu hapo unyanyasaji wa wasichana vyuoni ukawa jambo linalosemwa wazi.

Tafakarini, ndugu zangu. Aliyekataa ndiye aliyeandamwa. Na mtu wa nje, akiwa Uyole au Ilula, aliposikia kwamba huko chuoni kuna mambo ya aibu, alihitimisha kwamba wasichana wa chuo ni waharibifu. Kosa lilifanywa na wavulana, na sifa wakavikwa wasichana. Tumesikia wazazi wakisema kwa nia njema kabisa, 'Huyu binti yangu asome cheti tu arudi, chuo kikuu kitamharibu', huku kaka yake mwenye alama za chini akiuziwa shamba ili aende. Tumesikia pia kwamba wanafunzi ndio walioleta UKIMWI kwetu. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuenea katika mikoa yetu, na Makete ilikuwa ikiwazika wazazi na kuwaachia mabibi yatima, wakati vyuo hivi vingi havijachimbiwa hata msingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima wakiishi na virusi, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Hizo ni hesabu za mikoa mizima, wake kwa waume, wasomi na wasiosoma. Kumtwisha msichana wa mwaka wa kwanza mzigo huo ni kutafuta mbuzi wa Azazeli.

Hatusemi kwamba hakuna uzinzi vyuoni. Upo, kama ulivyo katika vijiji vyetu na katika nyumba zetu zenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Tunachouliza ni kwa nini malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wasichana hawa yanahusu zaidi watu wazima kuliko vijana wenzao. Mwenye nyumba anayebisha hodi saa nne usiku kuulizia kodi. Mwenye gari anayetoa lifti. Watu hao hupata faida kubwa katika usemi kwamba 'wasichana wa chuo ndivyo walivyo', maana binti akilalamika, nani atamwamini?

Na faida nyingine ni ya fedha, tena inatuhusu sisi wenyewe tulio katika chumba hiki. Mabweni hayatoshi, wanafunzi wanapanga kwetu. Wanadaiwa kodi ya miezi sita mbele, mara nyingi bila mkataba wala risiti, chumba kisicho na dirisha la kufungika. Mwanafunzi akidai risiti huambiwa ni mkorofi kama wenzake. Neno 'mkorofi' limekuwa kufuli la mlango wa haki. Kuna mwenye nyumba aliyemfukuza mpangaji katikati ya mitihani, na jirani zake, Wakristo, waliridhika na maelezo ya maneno matatu: 'Ni wa chuo.'

Kuhusu dini tutasema machache. TMCS katika vyuo vyetu wanaimba, wanafundisha katekesi, wanatembelea wagonjwa. Lakini katika jumuiya nyingi wanafunzi hawamo kitabuni, kwa maelezo kwamba watahama. Sadaka yao inapokelewa. Jina lao haliandikwi. Akiugua, nani ataitwa? Kisha tunasema hawahudhurii jumuiya.

Amri ya nane haiishii mahakamani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2477, inaihesabu kuwa ni kosa hata kuamini kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha, ubaya wa jirani. Nathanaeli alipoambiwa habari za Yesu, naye alitilia shaka kama kutoka Nazareti kungeweza kutoka jema lolote. Filipo hakubishana naye juu ya tabia za watu wa Nazareti. Alimwalika aje ajionee. Na Nathanaeli, kwa sifa yake, alikwenda.

Kwa hiyo Tume inaziomba Halmashauri za Walei za parokia zenye vyuo jirani mambo haya, nayo yajadiliwe kabla ya kikao kijacho. Wanafunzi waandikwe katika vitabu vya jumuiya wanamopanga, hata kama ni kwa miaka mitatu tu, na jina la mzazi na namba yake ya simu viwekwe pembeni. Kila mwumini anayepangisha wanafunzi atoe mkataba na risiti. Malalamiko ya wasichana yapokelewe na mama wawili wa WAWATA watakaoteuliwa, wala yasipelekwe kwa mwenyekiti wa jumuiya ambaye ndiye mwenye nyumba. Mfano wa mkataba wa upangaji, kurasa mbili, tumeuleta. Nakala ziko mezani kwa katibu, na wenye nyumba walio hapa tunawaomba wachukue wa kwanza.