RIZIKI YA CHINI YA MAJI
Hotuba iliyotolewa kwa wanachama Tulia, Kitui



Tulipoombwa tuje Tulia kueleza kazi ya kupiga mbizi, baadhi ya wenzetu walicheka. Walisema, Mkamba na bahari ni wapi na wapi? Huku kwetu mto ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na maji hufukuliwa kwa mikono kabla punda hajanyweshwa. Lakini sisi tunaosema hapa ni wana wa Kitui, na riziki yetu twaitafuta Mombasa, chini ya meli. Na zaidi ya hayo, neno la kwanza analoambiwa mzamiaji kabla hajavaa mtungi wake wa hewa ni jina la hapa kwenu: tulia. Mwenye hofu hupumua ovyo, akamaliza hewa yake mapema.

Swali mlilotuletea ni hili: je, mtu aweza kuishi kwa kazi hii asikate tamaa? Tutajibu bila kuficha, maana hatukuja kuwadanganya vijana.

Kwanza ijulikane kazi yenyewe. Wengi hudhani mpiga mbizi ni mtu wa kuwaonyesha wageni samaki. Kazi hiyo ipo, Diani, Watamu na Malindi, na ni kazi ya halali. Lakini sisi tunaofanya kazi za bandari hukagua tumbo la meli, hukwangua makome yaliyoshika chuma, hukata kamba iliyojisokota katika rafadha, huangalia nguzo za gati, na hutafuta nanga zilizopotea. Wenye ujuzi zaidi hukata na kuunga chuma humo humo majini. Mara nyingi hatuoni kitu. Maji ya bandari ni meusi, nasi twapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Bara nako kuna mabwawa ya mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kila bwawa lina milango na vyuma vilivyomo majini.

Basi taabu yake ni nini? Taabu ya kwanza ni msimu. Upepo wa kusi ukivuma, kuanzia kama mwezi wa nne, bahari huchafuka, na mahoteli mengine ya pwani hufunga milango mpaka wageni warudi. Kaskazi ikija bahari hutulia na kazi hurudi. Kwa hiyo mtu aweza kupata fedha nzuri kwa wiki tatu, kisha akakaa miezi miwili akihesabu boriti za nyumba yake. Hapo ndipo vijana wengi huvunjika moyo. Hulinganisha mwezi mbaya na mwezi mzuri, wakaona wamelogwa.

Sisi tulijifunza jambo hili kutoka kwa mama zetu. Mkulima wa Kitui hahesabu mavuno yake kwa mwezi. Ajua kwamba mvua za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa zaidi, na zile za mwezi wa tatu na wa nne huweza kumtupa. Hupanda ndengu, kunde na mbaazi, ili moja likikosa jingine lipate, na hali mbegu. Mzamiaji naye ahesabu mwaka mzima, agawanye kwa miezi kumi na miwili, na fedha ya kaskazi aione kuwa ni ghala. Awe pia na kazi ya pili ya nchi kavu. Kati yetu yuko anayeunga vyuma, yuko fundi wa mashine za boti, na yuko anayechonga vinyago Changamwe pamoja na Wakamba wenzake. Hakuna aibu. Aibu ni kukopa kwa tajiri.

Hapo twataka kukaa kidogo. Zamani katika Ghuba ya Uajemi palikuwa na wazamiaji wa lulu kwa maelfu, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye asili ya pwani yetu hii, waliopelekwa huko utumwani. Mzamiaji alipewa fedha na nahodha kabla ya msimu. Msimu ukiisha, alionyeshwa kwamba lulu alizotoa hazikutosha kulipa deni, basi arudi tena mwaka ujao. Yeye hakujua kusoma, na hesabu ilikuwa kichwani mwa nahodha. Katika miaka ya 1920 huko Bahrain iliamriwa kwamba kila mzamiaji awe na kitabu chake cha hesabu. Deni halikufutika kwa kitabu peke yake, na mwaka 1932 wazamiaji wa Bahrain walifanya ghasia kwa sababu ya fedha zao za msimu. Baadaye lulu za kufugwa kutoka Japani ziliivunja biashara yenyewe, na watu wakakimbilia visima vya mafuta. Sisi twaikumbuka habari hii kila tajiri anapotuambia, “Chukua elfu mbili kwanza, tutaandikiana baadaye.” Yaandikwe leo.

Taabu ya pili ni mwili. Ukishuka mita 10, uzito wa maji na hewa juu yako huwa mara mbili ya ule wa juu. Mita 20 ni mara tatu, mita 30 ni mara nne, na hewa ya mtungi huisha kwa kadiri hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, sehemu ya hewa unayovuta huko chini, ile inayoitwa naitrojeni, huingia katika damu na nyama. Ukipanda polepole hutoka kwa amani. Ukipanda mbio huchemka ndani yako kama chupa ya soda iliyofunguliwa kwa ghafula. Viungo huuma, miguu hufa, wengine hupoteza maisha. Mwingereza Haldane na wenzake walitoa majedwali ya kupanda kwa vituo mwaka 1908, na tangu hapo hakuna tajiri anayeweza kusema hakujua.

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alishushwa mara nne kwa siku moja kwa sababu meli ilitaka kuondoka na malipo yalikuwa ya kazi, si ya saa. Jioni hakuweza kukunja goti. Walipoulizwa, wenye kazi walisema yeye si mwajiriwa, ni mtu aliyejiajiri mwenyewe. Leo atembea kwa fimbo. Ndugu, sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini yamtaka mwajiri akate bima, na aliyelemazwa kabisa ana haki ya mshahara wa miezi 96. Mwajiri akiarifiwa ajali, hana budi kuipeleka kwa mkurugenzi anayehusika katika siku 7. Lakini sheria hiyo humlinda mwajiriwa. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi inayokuita mkandarasi, na hali wapokea amri kutoka asubuhi hata jioni. Ilete kwanza ofisi ya chama.

Mtatuuliza, kama ni hivyo, mbona hamwachi? Twajibu kwamba kuna siku ambazo fedha si jambo la kwanza. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kivuko cha Likoni, na ndani yake mama na binti yake. Siku zipatazo 13 zilipita kabla halijatolewa, kutoka kina cha karibu mita 58, katika mkondo mkali na giza. Nchi nzima ilikuwa ukingoni. Watu walipiga kelele kwamba wazamiaji ni wavivu. Wachache walijua kwamba kwa kina kile mtu hupata dakika chache tu za kazi, kisha hulazimika kupanda kwa vituo. Familia ilipata miili ya wapenzi wake ikazika. Hilo si jambo dogo kwa watu wetu.

Na hapa hapa Kitui, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa na wanakwaya waliokwenda arusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Waliookolewa, wengi wao waliokolewa na vijana wa pale pale waliojitupa majini kabla wazamiaji wa Jeshi la Majini hawajafika. Vijana hao hawakuwa na mitungi wala kamba. Ndiyo sababu twasema haifai mtu kuuliza Mkamba na maji ni wapi na wapi.

Mwaka wa 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku ya pili yake usiku ukaingia, matumaini yakaisha. Tarehe 22 wazamiaji walimtoa mhandisi mmoja akiwa hai, ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Kila tunapokaa miezi miwili bila kazi, mmoja wetu hutaja habari hiyo, na wengine humwambia amekwisha kuitaja mara mia.

Sasa neno la kazi. Tumeanza mwethya wetu: kila mzamiaji huweka sehemu ya kumi ya malipo yake ya kaskazi, na kusi ikija hutolewa kwa zamu, wenye watoto wa shule kwanza. Kitabu cha hesabu tumekuja nacho, kiko mezani kwa Mwenyekiti, na mtu yeyote aweza kukifungua. Vijana wanaotaka kujifunza wajiandikishe kesho asubuhi kabla ya saa nne. Waje na cheti cha daktari cha mapafu na masikio. Asiyejua kuogelea asiogope kuandika jina. Hata sisi tulijifunza tukiwa watu wazima, katika maji ya kiunoni, na watoto wa Likoni wakitucheka.