VUMBI LISILOONEKANA KWA MACHO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mimi si daktari wala si mtaalam. Nilisoma shule ya misheni, nikaishia hapo. Lakini vumbi nalijua, maana nimekula mkate wangu ndani yake miaka mingi. Na jambo nililoliletea mkutano huu lilianza kwa swali la ndugu mmoja wa kupaka rangi. Aliona juu ya pipa jipya neno NANO, akauliza maana yake. Akajibiwa ya kwamba ni rangi bora tu, aendelee na kazi. Hakuridhika, akaja kwangu. Nami sikujua. Basi nikasoma, nikawauliza waliosoma kunishinda, na leo naleta jibu.

Nano ni kipimo. Chukua milimeta moja, uigawe mara milioni moja: kila kipande ni nanometa moja. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Vitu vinavyoitwa vya nano ni vile vyenye upana wa nanometa 1 mpaka 100. Huwezi kuviona, na hata hadubini ya kawaida haivioni. Siku hizi hutengenezwa kwa makusudi na kutiwa katika rangi, plastiki, betri, dawa za kupaka ngozi, na hata nguo.

Mtu atauliza: kama kitu chenyewe ni kile kile, udogo wabadili nini? Ndugu zangu wa karakana, jibu mnalo kila siku. Reli haiwaki moto. Lakini ukiinoa kwa jiwe la mashine, cheche zinaruka. Zile cheche ni chuma kile kile cha reli, kimekatwa vipande vidogo vikawaka hewani. Kitu kikikatwa vidogo, uso wake unaongezeka, na ni juu ya uso ndipo kitu hukutana na hewa, na maji, na damu. Wataalam wanapiga hesabu hii: tofali dogo la sentimeta moja kila upande lina uso wa sentimeta 6 za mraba. Ukilikata lote kuwa vitofali vya nanometa moja, nyuso zote pamoja zinafika meta 6,000 za mraba. Si mbali na kiwanja cha mpira. Na uzito haukuongezeka hata kidogo.

Sasa tazameni walivyofanya wachunguzi wa Rochester, Marekani, akina Günter Oberdörster, miaka ya mwanzo ya 1990. Walichukua titaniamu dioksaidi, ule unga mweupe unaofanya rangi iwe nyeupe, ambao watu wengi waliuhesabu kuwa hauna madhara. Wakawavutisha panya unga wenye chembe za nanometa 250 hivi, na panya wengine unga wenye chembe za nanometa 20 hivi. Unga ni ule ule, lakini chembe ndogo ziliwasha mapafu zaidi, tena zilikaa mwilini muda mrefu zaidi. Mwaka wa 2004 Oberdörster na wenzake wakaonyesha pia ya kwamba chembe ndogo mno za kaboni, zikivutwa na panya kwa pua, nyingine zinafuata njia ya mshipa wa kunusa mpaka kwenye ubongo.

Habari hizi hazikubaki katika vitabu. Mwaka wa 2011 NIOSH, ofisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, ilitoa shauri juu ya unga huo mweupe. Chembe za kawaida zisizidi miligramu 2.4 katika kila meta moja ya ujazo wa hewa. Chembe ndogo mno zisizidi miligramu 0.3. Kitu kimoja, vipimo viwili, na kimoja ni kikali mara nane. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Dawa hii ni ile ile ya zamani, usiogope," muulize ukubwa wa chembe zake.

Lakini kuna kitu kimoja kilichonikosesha usingizi zaidi ya rangi. Ni mirija ya kaboni. Hii ni mirija myembamba ajabu, yenye nguvu nyingi, ambayo dunia ilianza kuitazama sana baada ya mwaka wa 1991, Sumio Iijima wa Japani alipoieleza. Hutumiwa katika betri na kutia plastiki nguvu. Mwaka wa 2008 wachunguzi wa Edinburgh, Scotland, akiwamo Ken Donaldson, waliwatia panya wadogo mirija hiyo ndani ya tumbo. Mirija mifupi na ile iliyojisokota haikuleta taabu kubwa. Mirija mirefu iliyonyoka ilileta uvimbe na vinundu kama vile vinavyoletwa na asbesto.

Sababu yake naweza kuieleza kwa kazi yetu. Mwili una askari wake, seli zinazomeza vumbi na kuliondoa. Seli ni kama behewa. Ukipakia kokoto, behewa linabeba. Ukipakia reli ndefu kuliko behewa, inatokeza nje, behewa halitoki, na njia inaziba. Askari yule anakufa pale pale huku akimwaga sumu zake, na wengine wanakuja kufanya vivyo hivyo. Uvimbe hauishi, na baada ya miaka mingi kansa yaweza kuanza.

Nimetaja asbesto, nanyi wazee mnaijua. Hadithi yake ndiyo inayonifanya nisimame hapa. Mwaka wa 1898 Lucy Deane, mkaguzi wa viwanda wa Uingereza, aliandika katika ripoti ya serikali ya kwamba vumbi la asbesto lina madhara. Sheria ya kwanza ya kulizuia viwandani humo ilitungwa mwaka wa 1931. Mwaka wa 1960 daktari Wagner na wenzake wakaeleza habari za watu 33 wa Afrika Kusini waliopata kansa ya utando wa mapafu, wengi wao watu wa upande wa machimbo ya asbesto ya Cape. Uingereza ikaipiga marufuku kabisa mwaka wa 1999. Hesabuni wenyewe: miaka 101. Muda huo wote ushahidi ulikuwa ukikusanywa, nao ulikusanywa katika vifua vya wafanya kazi. Hata wake waliofua nguo za waume zao waliugua.

Sitaki kuwatia hofu ya bure. Si kila kitu cha nano ni sumu. Mwaka wa 2014 shirika la kimataifa la kuchunguza kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, liliweka aina moja ya mirija, iitwayo MWCNT-7, katika fungu la vitu ambavyo huenda huleta kansa. Ushahidi ulikuwa wa wanyama. Wa watu haukuwapo. Mirija mingine yote ikawekwa katika fungu la vitu visivyoweza kuamuliwa. Ndugu zangu, shikeni hapo. Kutoamuliwa si kuwa salama. Mwenye mali anapenda kulisoma neno hilo kama ruhusa. NIOSH haikulisoma hivyo: mwaka wa 2013, bila kungoja wafanya kazi waugue, ilishauri mirija hiyo isizidi maikrogramu moja katika meta moja ya ujazo wa hewa, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu.

Tena msidhani jambo hili ni la viwanda vya mbali tu. Moshi wa kuchomelea chuma na moshi wa dizeli umejaa chembe za kadiri hiyo hiyo, ingawa hakuna aliyezitengeneza kwa makusudi. Shirika lile la Lyon lilikwisha kuamua ya kwamba yote miwili huleta kansa kwa watu: wa dizeli mwaka wa 2012, wa kuchomelea mwaka wa 2017.

Basi tufanyeje? Leso mdomoni haitoshi. Barakoa ya chujio iliyo nzuri huzikamata hata chembe hizi, lakini ikiacha nafasi shavuni, vumbi linapita pale. Bora vumbi lizuiwe linapozaliwa: mashine ya kuvuta moshi karibu na kazi, maji wakati wa kupiga msasa, na tuache ule mchezo wa kupuliza nguo kwa hewa ya pampu. Ovaroli zifuliwe kazini, zisiende nyumbani kwa watoto.

Sheria ya usalama kazini ya Kenya ya mwaka wa 2007 inataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, na inataka dawa za kazini ziwe na karatasi za maelezo. Karatasi hizo ni zetu kuzisoma, si za kufungiwa kabatini.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, wajumbe wetu katika kamati ya usalama wadai karatasi ya kila rangi na kila dawa iliyo stoo, na waulize kwa maandishi ukubwa wa chembe zake. Pili, pipa lile lenye neno NANO lisipigwe kwa bomba la kunyunyizia mpaka jibu lije. Ndugu aliyeuliza yuko hapa, ameketi nyuma karibu na mlango, naye yuko tayari kuunga mkono.