Nani Atamkagua Mkaguzi?



Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliotumia mizani ya hila. Leo tunataka kuitazama mizani nyingine, nayo ni cheti cha wakaguzi wa viwanda.

Makampuni makubwa ya nguo ya Ulaya na Marekani kwa kawaida hayashoni yale yanayouza. Kazi hiyo hufanywa na watu wa mbali, katika viwanda vya Pakistan, vya Bangladesh, na hata vya kwetu Athi River. Ili mnunuzi apate kuwa na hakika, huitwa mkaguzi. Huyo hukaa kiwandani siku chache tu, hupitia daftari za mishahara, huwahoji wafanyakazi wachache, kisha huandika taarifa. Mara nyingi mwenye kiwanda huwa na habari ya ujio wake, na mara nyingi ndiye anayemlipa. Mfanyakazi haioni taarifa hiyo.

Mwezi wa Agosti 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kilipewa cheti cha SA8000 na shirika la Italia liitwalo RINA. Cheti hicho hushuhudia kwamba kazi inafanyika katika hali ya haki na usalama. Wiki chache baadaye, tarehe 11 Septemba, kiwanda kiliwaka moto. Milango ilikuwa imefungwa na madirisha yamewekwa nondo. Wakafa watu zaidi ya 250. Mwaka 2020 mahakama ya Pakistan iliamua kwamba moto uliwashwa makusudi. Lakini swali la nani aliwasha moto ni moja, na la kwa nini watu hawakuweza kutoka ni jingine. Hilo la pili lilimhusu mkaguzi.

Hatusemi kwamba wakaguzi wote ni waongo. Tunasema kwamba shahidi anayelipwa na mshtakiwa, wala haulizwi lolote ushahidi wake ukibainika kuwa batili, ni shahidi hatari.

Njia bora ipo. Jengo la Rana Plaza lilipoanguka huko Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, vyama vya wafanyakazi na makampuni ya nguo vilitia sahihi mapatano yenye nguvu ya sheria. Wahandisi wasio chini ya mwenye kiwanda walikagua majengo, na taarifa zao zikatangazwa hadharani.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo matatu. Kwanza, taarifa ya ukaguzi isomwe na wafanyakazi wenyewe, kwa lugha wanayoielewa. Pili, wahojiwe mbali na macho ya msimamizi, pamoja na chama chao. Tatu, mkaguzi aliyethibitisha usalama usiokuwapo awajibike mbele ya sheria, na waliodhurika walipwe fidia.

Katika jumuiya zetu ndogo wamo wanaokesha kwenye cherehani. Tuwaulize: mkaguzi alipokuja, mlango wa dharura ulikuwa wazi? Na alipoondoka, je? Majibu yao tuyaandike, tuyafikishe kwa Tume ya parokia, majina yao yakilindwa. Mizani haitanyoka yenyewe. Hunyoka pale wanaopunjwa wanapopewa nafasi ya kuishika.