Dago na Makazi

(Maneno yaliyosemwa barazani Mtambile mbele ya Masheha, waalimu, manahodha na wazee, kabla ya vyombo kuondoka kwa msimu wa kaskazi.)



Hatukuja kuwafundisha bahari. Hapana karani awezaye kumfundisha Mpemba bahari. Tumekuja kunena juu ya jambo litokealo baada ya ngarawa kuvutwa pwani, nalo ni hili: mtu aliyekwenda mahali kwa kazi ya siku chache, huwa mkaazi wa mahali hapo lini, na kwa ushahidi gani?

Neno dago sote twalijua. Mvuvi huvuka mkondo wakati bahari inapotulia, akafika Vanga au Shimoni, au akapanda hata Kilifi na Ngomeni. Hujenga kibanda cha makuti, akavua, akauza, na kusi likianza hurudi kwao. Hapana ajengaye dago kwa mawe. Walakini wengi wenu mna ami au shangazi huko ambaye kibanda chake cha makuti kilikandikwa udongo mwaka wa pili, kikatiwa mlango wa mbao mwaka wa tano, na leo mbele yake pana mnazi unaozaa. Ukimwuliza alihamia siku gani, hana siku ya kukutajia. Hakuhama, alichelewa kurudi tu.

Zamani kuchelewa huko hakukuwa na hasara. Pwani ya Kenya, kwa upana wa maili 10, ilikuwa nchi ya Sultani wa Unguja; Waingereza waliitawala kwa mapatano ya mwaka 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya ngome ya Mombasa hata mwaka 1963. Basi Mpemba aliyetweka tanga Mkoani akashuka Vanga alijiona ametoka chumba kimoja cha nyumba akaingia chumba cha pili. Nani aombaye ruhusa ya kupita ukumbini mwake? Mwezi wa Oktoba 1963 yakafanywa mapatano mapya, ukanda ule ukaingizwa katika Kenya, na tarehe 12 Desemba Kenya ikapata uhuru. Ukuta ukasimama kati ya vyumba viwili, na mvuvi yumo usingizini.

Sheria ya Kenya mpya ilifungua mlango, ila haukukaa wazi sana. Kwa jumla, aliyezaliwa huko na mzazi wake mmoja naye akawa mzaliwa wa huko, alikuwa raia pasipo kuomba. Wengine waliokuwa wakikaa huko waliwekewa miaka 2, mpaka Desemba 1965, wajiandikishe. Kwa mtu wa mjini, mwenye gazeti na rafiki karani, miaka 2 ni mingi. Kwa mtu wa dagoni, ambaye habari zake ni upepo na bei ya nguru, ni misimu miwili ya kaskazi. Ikapita.

Yaliyofuata mwayajua kuliko sisi, maana ni ndugu zenu. Watoto wakazaliwa, na wajukuu, wasio na kitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kupewa leseni ya uvuvi kwa jina lake, wala kuandikisha kiwanja, wala kufungua hesabu benki. Na katika siku hizi hata laini ya simu hapati ila kwa jina la jirani. Tumesikia habari za mabaharia hodari ambao samaki wao waliuzwa kwa jina la mtu mwingine, na mwenye jina akachukua fungu kwa sababu ya kuazimisha jina. Hebu fikirini: jina limekuwa kama chombo, lina mwenyewe na lina kodi!

Tena msidhani kwamba twanena kwa kujitenga. Babu yetu sisi hakuzaliwa Pemba. Alivuka kutoka bara, kama walivyovuka Wanyamwezi na wengineo, kuja kuchuma karafuu kwa malipo ya pishi, na nia yake ilikuwa msimu mmoja. Mwenye shamba akamwachia nafasi kati ya mikarafuu alime muhogo. Muhogo aliruhusiwa, mti wa kudumu hakuruhusiwa. Nanyi wazee mwaifahamu hekima ya kanuni ile, kwa kuwa kisiwani kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na apandaye mnazi amesema neno zito. Methali yatuambia mgeni siku ya tatu tumpe jembe. Kweli, jembe alipewa! Methali haikusema apewe na shamba. Alikaa miaka mingi na jembe lake, mpaka siku mwenye shamba alipomwita mbele ya mashahidi watatu akamwambia, “Panda.” Babu alipokuwa akitusimulia habari hizi, hakutaja kamwe siku aliyoshuka chomboni. Alitaja siku ya mnazi.

Basi jamaa zenu walio ng'ambo walikuwa na jembe, hawana mnazi.

Wako wasemao, “Si warudi kwao?” Neno hili ni rahisi kinywani. Tazameni Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995. Mtoto wa Mtanzania mzaliwa, akizaliwa nchi nyingine, ni raia kwa nasaba. Lakini mtoto wa huyo naye akizaliwa nje, nasaba imekwisha nguvu. Haishuki daraja ya pili. Mjukuu aliyezaliwa Kilifi, na baba yake mzaliwa wa Kilifi, hakuwa wa huko wala hakuwa wa huku. Angerudi wapi?

Nuru ilianza kwa jamaa wengine. Mwaka 2011 Kenya ilitunga sheria iliyomfikiria mtu asiye na nchi, ambaye amekaa humo tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na kizazi chake. Hata hivyo sheria ikiwa kitabuni hailipi nauli ya mtu kwenda ofisini. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliondoka Kwale mwezi wa Oktoba 2016, wakafanya safari ya miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Wakasikiwa, na mwaka 2017 wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwezi wa Desemba 2020 wakafuata Washona. Na mwezi wa Januari 2023 Serikali ya Kenya ikawatambua Wapemba kuwa jamii mojawapo ya nchi ile. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rais William Ruto akaenda Kilifi, nao wakapewa hati zao. Tangu 1963 hata 2023 ni miaka 60. Walio wengi wa wale waliojenga vibanda vya kwanza hawakuiona siku hiyo.

Sasa hapa twawaomba vijana mtege masikio, maana tumesikia neno likisemwa pwani kwamba, “Siku hizi Wapemba wametambuliwa Kenya, basi twendeni tukakae.” Hilo ni kosa. Waliotambuliwa ni watu waliokuwa hawana nchi. Wewe utokaye Mtambile kaskazi hii unayo nchi, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ki mfukoni mwako. Mlango ule si wako. Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, yaliyoanza kazi Julai 2010, yamerahisisha kuingia. Kuingia si kukaa, na kukaa si kufanya kazi. Atakaye kuwa mkaazi wa kudumu wa Kenya kwa njia ya kazi hutakiwa awe ameshika kibali cha kazi kwa muda wa miaka 7, na miaka 3 ya mwisho awe amekaa mfululizo. Na atakayechukua uraia wa huko akiwa mtu mzima na ajue kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Asije akaja kulia barazani kwa Sheha baadaye.

Lililo kubwa kwetu ni watoto. Mkeo akijifungua ng'ambo, usingoje kusi. Karatasi ya zahanati ihifadhi mahali pakavu, mwandikishe mtoto huko alikozaliwa, nawe lete nakala kwa jamaa zako huku. Msiseme, “Tutarudi mwezi ujao.” Maneno hayo ndiyo waliyosema wazee wetu wa Kilifi.

Nanyi manahodha, mnaandika hesabu ya samaki hata senti. Twawasihi muongeze ukurasa mmoja: jina la kila baharia, jina la baba yake na babu yake, kijiji chake, siku aliyoondoka na siku aliyorudi. Daftari la namna hiyo laweza kuwa shahidi siku ambayo shahidi mwenye roho amekwisha kufa. Waalimu wa skuli zetu wamekubali kuwasaidia wasiozoea kalamu.

Wenye jamaa ng'ambo wanaotaka kuandikiwa barua, kuuliza habari za mzee aliyezaliwa huku au kutafuta jina katika vyeti vya zamani, twawakaribisha hapa barazani kila Alhamisi baada ya Alasiri, mpaka chombo cha mwisho kiondoke. Njooni na majina matatu kamili. Wiki iliyopita bibi mmoja alitujia na jina la utani la kaka yake peke yake. Tulicheka pamoja naye, kisha tukamtuma nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, naye amerudi leo, yuko pale mlangoni, na jina analo.